Ufito wa Kadutu

"Bwana ana urefu gani, mama?" ananiuliza Lwaboshi.
Namwambia bwana hana habari za samaki
ila aliyekwisha kuungwa kwa mawese.
Ufito ni wangu.

Basi anafungua gunia lililovuka Ruzizi mgongoni mwa mtu.
Fito kumi, kumi na moja, zimekazwa kwa mpira wa baiskeli,
kila mmoja umeachwa na mkono nisioujua.
Wa kwanza ni mlingoti wa bendera ya komini:
mrefu, mgumu, kiziwi.
Samaki akiugonga leo, utapata habari kesho.
Wa pili unainama hata kwa pumzi,
kama mtu anayemwambia kila mpita njia "ndiyo."
"Huu, mama! Mwepesi!"
Mwepesi, kweli. Lakini ndoana haiingii mdomoni
kwa adabu tu.

Mimi ni fundi wa nguo. Miaka kumi na tisa pale Nyawera
kidole hiki kimelala kando ya sindano.
Kinajua uzi unaotaka kukatika, kabla haujakatika.
Kinajua pindo linapokutana na mshono wa zamani,
ule uzito mdogo,
kule kusita.
Natafuta ufito utakaoniletea kusita.

Maana chambo changu hakina damu.
Ni mnyoo wa mpira, laini, rangi ya zambarau,
vipande vinane katika pakiti moja,
na juu ya pakiti picha ya samaki wa kijani
mwenye mdomo kama mfuko wa koti.
Samaki yule hayumo Kivu.
Hakuna mama aliyewahi kumtandaza sokoni hapa.
Si neno. Nguo zinazotufikia nazo
zilikatwa kwa miili ya wengine;
tunazipunguza kiunoni, tunakwenda nazo misa.

Ila mpira ni mpira. Samaki huuonja tu,
kama mteja anayepapasa kitambaa
huku jibu lake ni hapana.
Usipomsikia hapo hapo, ameshatema.

Wa tatu ulikuwa chini kabisa.
Mfupi, kiuno kigumu, ncha tu ndiyo inayokubali,
pete moja imefungwa upya kwa uzi mwekundu
na fundi asiyejua kuficha fundo.
Nikaegemeza ncha yake kooni mwa Lwaboshi, taratibu.
"Sasa sema beyi yako."
Akacheka. Kicheko kikanifikia kiganjani.
"Dola kumi na nane."
Nayo ikanifikia, na kitetemo chake,
pale kwenye "nane" hasa.
"Rudia."
"Kumi na... mbili, mama. Toa kitu hiki shingoni."

Bobini yake (yeye aliita mulinee) niliichagua kwa sikio.
Kubwa ilikoroma mchanga.
Ndogo ilizunguka kimya, na kifungo chake cha kukaza
kilikuwa ndugu wa kile cha cherehani yangu:
kaza mno, uzi unakatika;
legeza mno, unapata kiota cha ndege.
Nilikizungusha robo. Nikavuta. Robo tena.
Lwaboshi alikuwa ameshikilia noti yangu juani
akitafuta mpasuko.
Nimeshona suruali za mahakimu, sketi za maharusi;
dola iliyochanika milimita mbili
siwezi kuisaidia.

Jumamosi, chini ya Muhumba, kabla jua halijapanda,
Nsimire binti yangu ameketi juu ya ndoo
anauliza kama mnyoo unaumia.
Natupa. Naacha uzame, naacha ulale.
Nainua ncha kidogo, kama kuamsha mtoto wa jirani.
Hakuna kitu.
Jani. Jiwe. Mfuko wa plastiki, naujua uzito wake.
Hakuna kitu.
Kisha, chini kabisa, mtu anapapasa kitambaa.

"Mama, mbona umenyamaza?"

Ngoja, Nsimire.
Ngoja.